Namna ya kumtambua fukusi akiwa bado ndani ya punje: Mwongozo kwa wanaovusha mahindi na maharage

Mabishano ya aina hii yamezoeleka kwenye vituo vya mpakani. Turubai limefunguliwa, mkaguzi amechoma bambo kwenye magunia kadhaa, sampuli imemwagwa juu ya karatasi nyeupe na wadudu wanatembea. Mnunuzi anasema mzigo haupokelewi. Muuzaji, kwa simu kutoka Songea au Sumbawanga, anaapa kwamba mahindi yalipakiwa yakiwa safi. Anayebaki katikati ni mwenye gari, maana wote wawili sasa wanakubaliana kwamba wadudu walikuwa kwenye bodi la gari lake.

Mara nyingi shauri kama hilo humalizwa kwa kelele, na asiye na nguvu ndiye anayekatwa fedha. Lakini ushahidi upo, na kuupata hakuhitaji zaidi ya wembe, ndoo ya maji na kioo cha kukuzia. Umo ndani ya punje zenyewe. Mdudu mzima anaweza kuwa ametoka popote: ghalani, kwenye gunia kuukuu, katika nyufa za bodi au kwenye mzigo wa jirani. Buu aliye ndani ya punje hakutembea kufika hapo. Aliingia akiwa yai, na umri wake unaweza kukadiriwa kwa siku.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuwatambua wadudu wachanga wa nafaka kabla hawajatoboa na kutoka, na jinsi mfanyabiashara na msafirishaji wanavyoweza kuutumia ujuzi huo.

KWA NINI HAITOSHI KUANGALIA WADUDU WAZIMA

Fukusi wa mahindi, ambaye wataalamu humwita Sitophilus zeamais, hupitisha utoto wake wote akiwa amefungiwa ndani ya punje moja. Jike hutoboa kishimo kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai moja ndani yake, kisha hukiziba kwa ute unaokauka na kufanana na rangi ya punje. Kwa macho ya kawaida punje hiyo ni nzima. Haianguki kwenye chekecheo, haipungui sana kwenye mizani, na hupewa daraja sawa na nyingine.

Hasara huja baadaye. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, kinachojulikana kama EAS 2, huruhusu punje zilizoharibiwa na wadudu zisizozidi asilimia 1 ya uzito kwa daraja la kwanza, asilimia 3 kwa daraja la pili na asilimia 5 kwa daraja la tatu. Unyevu usizidi asilimia 13.5 kwa madaraja yote.

Tuchukue mfano wa gari lenye tani 28, yaani magunia 280 ya kilo 100. Tuseme punje 3 katika kila 100 zina mabuu. Siku ya kupakia hakuna tundu hata moja linaloonekana, na mnunuzi analipa bei ya daraja la kwanza. Wiki tatu baadaye, mzigo ukiwa ghalani Nairobi au Kigali, wadudu wanatoboa na kutoka. Kwa kukadiria tu, kilo 840 za mahindi zilikuwa na mdudu ndani. Mzigo uliolipiwa kama daraja la kwanza sasa umefika kwenye ukingo wa daraja la pili, na hakuna aliyeuchezea. Tena hao waliotoka ni wazazi wa kizazi kinachofuata, maana jike mmoja anaweza kutaga mayai 150 au zaidi katika maisha yake ya miezi kadhaa.

Kuna hatari nyingine inayoambatana na hiyo. Wadudu wakiwa wengi hupumua na kutoa joto na unyevu ndani ya gunia, huku punje zilizotobolewa zikifungua njia kwa ukungu unaozalisha sumukuvu. Wafanyabiashara hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda tarehe 5 kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kuondoa zuio hilo siku chache baadaye na kuweka masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Fukusi si sumukuvu, lakini huiandalia makao.

HATUA NNE ZA MAISHA YA FUKUSI

Siku zinazotajwa hapa ni za joto la nyuzi 27 hivi na unyevu wa hewa wa asilimia 70, hali inayomfaa sana mdudu huyu. Penye baridi, kama nyanda za juu, kila hatua huchukua muda mrefu zaidi.

1. Yai. Ni jeupe, lina urefu usiofika milimita moja, na limefukiwa ndani ya punje. Huwezi kuliona kwa nje. Dalili pekee ni kidoa kidogo cha ule ute uliokauka. Maabara huloweka punje katika rangi maalumu ambayo hukifanya kizibo hicho kiwe chekundu, kisha huhesabu vidoa. Yai huanguliwa kwa siku chache, kwa kawaida chini ya wiki moja.

2. Buu. Huyu ndiye mharibifu hasa. Ni mweupe kama maziwa, mnene, mgongo umevimba na mwili umejikunja. Kichwa ni cha rangi ya kahawia na kigumu. Hana miguu kabisa, na hii ndiyo alama ya kwanza ya kumtambua. Utamkuta katika chumba alichokichimba kwa kula, kikiwa na unga wa mavi yake. Hubadili ngozi na kupita ngazi nne za ukuaji, na mwishoni hufikia milimita 3 hadi 4. Hatua hii huchukua kama wiki tatu.

Wataalamu hupima umri wa buu kwa upana wa kichwa badala ya urefu wa mwili. Mwili hunenepa kila siku, lakini kichwa kigumu hakipanuki mpaka ngozi ibadilishwe, hivyo upana wake hupanda kwa ngazi. Buu aliyenyauka kwa joto la gari bado anaweza kupimwa umri kwa njia hiyo.

3. Pupa. Hapa buu ameacha kula na anageuka kuwa mdudu kamili. Ukipasua punje utaona kitu cheupe kisichotembea, chenye miguu na mabawa yaliyokunjwa kifuani, na mdomo mrefu umelala kuelekea tumboni. Ukiona mdomo huo, hakuna tena ubishi kwamba huyu ni fukusi. Kadiri siku zinavyopita macho na mdomo huwa vyeusi. Hatua hii huchukua kama wiki moja.

4. Mdudu mzima aliye bado ndani. Akishatoka katika pupa hakurupuki. Hukaa ndani ya punje siku kadhaa mpaka gamba lake liwe gumu, akibadilika kutoka rangi ya udongo mwekundu kuwa kahawia iliyokolea. Kisha hutoboa na kutoka, akiacha tundu lenye kingo zisizo sawa. Mgongoni huwa na madoa manne yenye rangi ya chungwa au nyekundu hafifu.

Kutoka yai mpaka kutoboa ni kama siku 35. Kwa joto la nyuzi 18 safari hiyo inaweza kuzidi miezi mitatu. Fukusi wa mchele, Sitophilus oryzae, hufuata njia hiyohiyo katika mchele, ngano na mtama. Mabuu wa aina hizi mbili hawatofautishiki kwa macho, na kwa biashara haina haja kuwatenganisha.

USIMCHANGANYE NA WENGINE

Si kila funza ndani ya mahindi ni fukusi. Kuwatofautisha kuna faida, kwa kuwa dawa na ukubwa wa hasara havilingani.

Dumuzi, Prostephanus truncatus. Huyu ni mgeni kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akaripotiwa Kenya. Alisambaa pamoja na mahindi yaliyokuwa yakisafirishwa, na wako Watanzania waliombatiza jina la "Skania" kwa ukubwa wa hasara yake. Buu wake naye ni mweupe na amejikunja, lakini ana miguu mifupi jozi tatu, na sehemu ya kifua ni nene kuliko sehemu ya nyuma. Alama nyingine ni unga: penye dumuzi unga huwa mwingi mno, na mabuu wengine hukutwa ndani ya unga huo na si ndani ya punje tu. Dumuzi hula pia mihogo mikavu (makopa) na hutoboa mbao. Mwenye gari lenye bodi la mbao alitilie hilo maanani.

Nondo wa nafaka, Sitotroga cerealella. Mtoto wake ni kiwavi, naye huishi ndani ya punje. Ana miguu halisi jozi tatu karibu na kichwa. Kabla ya kugeuka pupa hula mpaka karibu na ganda, na kuacha utando mwembamba wa duara unaofanana na dirisha. Nondo akitoka, tundu huwa la mviringo na safi, mara nyingine likiwa na kifuniko kilichobaki pembeni. Dirisha hilo juu ya punje ya mahindi hulenga nondo, si fukusi.

Mdudu mwekundu wa unga, Tribolium castaneum. Buu wake ni mrefu, mwembamba, wa rangi ya manjano, ana miguu, na mkiani ana vijiba viwili. Hutembea huru katika vumbi na chenga. Huyu hufuata nafaka iliyokwisha kuvunjika. Ukimwona yeye peke yake, jiulize kwanza usafi wa gari na magunia.

MAHARAGE NA KUNDE

Wafanyabiashara huwaita wote fukusi, lakini wadudu wa jamii ya kunde ni ukoo mwingine na hawana ule mdomo mrefu. Kwao dalili za mapema ziko wazi zaidi, kwa sababu mayai hayafukiwi ndani ya mbegu.

Mdudu wa kunde, Callosobruchus maculatus, hugandisha yai juu ya ngozi ya mbegu. Yai ambalo halijaanguliwa hung'aa na huonyesha kilicho chini yake. Likishaanguliwa, buu hutoboa moja kwa moja kwenda ndani na kujaza ganda la yai kwa chenga, hivyo kidoa huwa cheupe kisichopenya mwanga. Kwa hiyo kidoa cheupe maana yake buu amekwisha ingia. Kufuta vidoa kwa kitambaa kabla ya mkaguzi kufika hakusaidii kitu.

Kwenye maharage kuna wawili. Zabrotes subfasciatus, anayependa sehemu zenye joto, naye hugandisha mayai. Acanthoscelides obtectus, anayestahimili baridi ya nyanda za juu, hutaga mayai huru kati ya mbegu au kwenye nyufa za maganda yakiwa bado shambani. Kwa huyu wa pili usitarajie vidoa. Tafuta madirisha: miduara midogo yenye kivuli juu ya ngozi ya haragwe, kila mmoja ukiwa na pupa au mdudu mzima anayesubiri kutoka. Haragwe moja linaweza kubeba wadudu kadhaa.

NAMNA YA KUPIMA KABLA YA KUPAKIA

Kazi hii inaweza kufanyika wakati makuli wanapumzika.

1. Chagua magunia bila upendeleo. Utaratibu unaotumika sana ni huu: mzigo usiozidi magunia 10, choma yote, kuanzia 11 mpaka 100, choma 10, zaidi ya hapo, choma idadi iliyo sawa na kipeuo cha pili cha magunia yote. Kwa magunia 280 ni 17. Yachukue juu, katikati, chini na pembeni.

2. Choma bambo zaidi ya mahali pamoja katika kila gunia. Changanya sampuli zote na chukua kama kilo mbili.

3. Chekecha juu ya karatasi nyeupe. Hesabu wadudu wazima walio hai na waliokufa, na angalia wingi wa unga.

4. Hesabu punje 200 bila kuchagua, zisizo na matundu. Zitie katika ndoo ya maji na ukoroge. Punje zenye mabuu wakubwa au pupa huwa nyepesi na nyingi huelea. Hata hivyo, zipo punje changa zinazoelea bila kuwa na mdudu, na zenye mayai au mabuu wadogo huzama. Kuelea ni dalili tu.

5. Loweka punje hizohizo usiku kucha zilainike, kisha pasua kila moja kwa wembe kwa urefu. Tumia kioo cha kukuzia. Andika idadi ya mabuu wadogo, mabuu wakubwa, pupa, na wadudu wazima waliomo ndani.

6. Gawanya idadi ya punje zenye mdudu kwa 200, uzidishe kwa 100. Ukikuta 6, hiyo ni asilimia 3.

7. Sampuli nyingine itie katika chupa, funika mdomo kwa kitambaa cha kupitisha hewa na uiweke wiki 5 hadi 6, ukichekecha kila wiki. Wadudu watakaotoka watakuonyesha pia mayai ambayo wembe haukuyaona. Njia hii haifai kwa gari linalosubiri, lakini inafaa sana kumjua muuzaji unayetarajia kununua kwake msimu mzima.

KUHESABU SIKU: MDUDU ALIINGIA LINI?

Hapa ndipo msafirishaji anapopata utetezi wake. Siku 35 zilizotajwa ni za mazingira mazuri kwa fukusi. Hakuna joto la bodi litakaloligeuza yai kuwa pupa kwa safari ya siku tano. Kwa hiyo:

- Wakikutwa pupa au mabuu wakubwa ndani ya punje, tena katika magunia yaliyosambaa kwenye mzigo mzima, mayai yalitagwa wiki mbili hadi tatu zilizopita au zaidi. Kama gari liliondoka siku sita zilizopita, wadudu hao walipakiwa pamoja na mahindi.

- Wakikutwa wadudu wazima tu, na punje zilizopasuliwa ni safi, wadudu hao ni wageni. Kagua nyufa za bodi, turubai na magunia yaliyotumika. Kama wamejaa katika magunia ya chini na ya pembeni tu, lawama inaelekea kwenye gari.

- Wakikutwa mabuu wadogo sana peke yao, mayai yalitagwa karibuni, na hesabu ya siku haiwezi kuamua yenyewe. Tazama mahali magunia hayo yalipokuwa, na gari lilisimama wapi kwa muda mrefu.

- Wakikutwa wa kila umri pamoja, pamoja na matundu na unga, mzigo umeishi na wadudu kwa zaidi ya kizazi kimoja. Huo ni mzigo wa ghala la zamani, au mahindi mapya yaliyochanganywa na ya msimu uliopita.

Hesabu hii ina nguvu pale tu ambapo kuna sampuli ya siku ya kupakia. Chukueni nusu kilo mara tatu: moja ya muuzaji, moja ya dereva, moja ya mnunuzi. Kila mfuko ufungwe, uandikwe tarehe, namba ya gari na idadi ya magunia, na wote watie saini. Dereva asiyebeba mfuko huo atabaki na maneno matupu.

KUFUKIZA NA WADUDU "WANAOFUFUKA"

Malalamiko mengi kwamba dawa ni feki yana maelezo mepesi zaidi. Gesi ya fosfini, itokayo kwenye vidonge vya kufukizia, huwaua haraka wadudu wazima na mabuu wengi. Wanaovumilia zaidi ni mayai na pupa. Turubai likifunuliwa baada ya siku mbili, sakafu imejaa mizoga na kila mtu ameridhika. Siku kadhaa baadaye pupa waliobaki wanatoka wazima, na mayai nayo yanafuata wiki za mbele. Mnunuzi anaona wadudu wamefufuka.

Kwa hiyo muda ndio unaoua. Katika joto linalozidi nyuzi 25 mzigo unahitaji siku zisizopungua 5, na kwa usalama wa matokeo siku 7 au zaidi, chini ya turubai lisilovuja. Penye baridi muda huongezwa. Fuata maelekezo ya lebo, na kazi ifanywe na mtaalamu mwenye kibali. Cheti cha kufukiza kinachoonyesha tarehe ya kufunika bila tarehe ya kufunua hakikuambii chochote kuhusu pupa.

Kamwe usikubali vidonge viwekwe kwenye magunia ili "vifanye kazi njiani". Gesi hiyo huua watu. Hupenya mpaka kwenye kebini, na dereva au utingo anayelala garini ndiye wa kwanza kuivuta.

Unga wa dawa unaochanganywa na nafaka haumfikii buu ndani ya punje, humngoja atoke. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu wa kila umri kwa kuwanyima pumzi, ilimradi haina tundu na imebaki imefungwa kwa wiki kadhaa.

YA KUZINGATIA KABLA YA KUSAINI

Mnunuzi: pasua punje 200 kabla ya kulipa, na uliza mzigo umekaa ghalani tangu lini. Muuzaji: fukiza kwa siku kamili, kisha pima tena. Msafirishaji: fagia bodi, kung'uta turubai mbele ya mashahidi, na usiondoke bila mfuko wako wa sampuli. Wote watatu: andikeni katika mkataba kwamba ubishi wa wadudu utaamuliwa kwa kupasua punje, si kwa kuhesabu wanaotembea juu ya karatasi.